Leso Iliyokatwa Jina

Nianze na deni. Miezi miwili iliyopita niliandika maneno 800 kuhusu hoteli moja ya Westlands, nikalipwa kwa kulala. Si utani. Mkataba wenyewe ulikuwa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mhariri wa tovuti moja ya safari: usiku mmoja, kiamshakinywa, maneno 800, picha sita, toni iwe changamfu. Chumba hicho huuzwa 17,500 kwa usiku. Keja yangu ni 9,500 kwa mwezi, na maji huja Jumanne na Ijumaa. Kwa hivyo usitarajie nikuambie nilisita. Nilijibu "sawa" kabla hajamaliza kuandika.

Katika yale maneno 800 kuna sentensi moja inayonikera hadi leo. Kando ya kitanda kulikuwa na kiboksi cha mbao, kizuri, kimepigwa msasa vizuri, na ndani yake vizibo viwili vya masikio vya rangi ya chungwa. Juu yake kadi: mtaa wetu haulali, lakini wewe unaweza. Nikafurahia. Nikaandika kwamba hoteli hii "imemfikiria kila mtu". Sentensi hiyo iko kwenye intaneti, na jina langu liko chini yake.

Haya unayosoma sasa ni yale ambayo hayakuwa kwenye mkataba. Jina la hoteli naliacha. Haya mambo yanahusu aina ya mahali kuliko anwani.

Kwetu, hoteli ni mahali pa kula. Chapo madondo, chai ya maziwa, mhudumu anayepigia jikoni kelele "moja kavu!" Mtu akikwambia mpatane hotelini, hajakualika kulala. Pa kulala ni lojing, au gesti ukitaka kuipamba, na maneno hayo huja na vitu vyake: kipande kidogo cha sabuni, ndala ambazo zimevaliwa na nusu ya jamhuri, televisheni iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma kana kwamba imekamatwa. Butiki nayo ni duka la nguo, vile vichumba vya mjini ambavyo mwenye duka akikutazama mara moja tu anajua saizi yako na anajua huna doh. Kwa sikio la Nairobi, hoteli ya butiki ni kibanda cha chai kinachouza suruali.

Cha ajabu ni kwamba hatuko mbali sana na maana yake ya kwanza. Steve Rubell na Ian Schrager walipofungua hoteli ya Morgans kule New York mwaka 1984, Rubell alieleza kwamba hoteli kubwa ni kama yale maduka makubwa yanayouza kila kitu, na yao ilikuwa butiki: ndogo, yenye vitu vilivyochaguliwa. Hawakuwa wa kwanza kujenga hoteli ndogo yenye madoido; London ilikuwa na Blakes tangu 1978. Lakini jina lililoshika ni lile la Rubell.

Na Rubell na Schrager walikuwa akina nani? Walikuwa wenye klabu. Studio 54, ile ya 1977, ilikuwa yao. Walifungwa jela kwa kukwepa kodi, wakatoka, wakaingia kwenye biashara ya hoteli. Watu husimulia hadithi hii kama kichekesho. Mimi naona ndiyo ufunguo wa jambo lote. Muziki wa Studio 54 ungeweza kuusikia kwingine. Kilichoifanya ijulikane dunia nzima ni mlango: Rubell mwenyewe amesimama nje, umati mbele yake, ananyoosha kidole. Wewe ingia. Wewe hapana. Watu walirudi kesho yake kusimama tena.

Kwa hivyo nikisoma mtu analalamika kwamba hoteli fulani ni safi sana ila bahati mbaya iko katikati ya klabu, naona amekosea kuisoma. Hakuna bahati mbaya hapo. Hoteli ya aina hii na klabu ni watoto wa mama mmoja. Woodvale Grove, ambayo kila mtu anaiita Electric Avenue, ndiyo bidhaa. Ukuta unaokutenga nayo pia ni bidhaa. Unalipia vyote viwili, na zaidi unalipia kuwa upande ulio sawa wa ukuta huo.

Mimi nilikaribia kubaki upande ule mwingine.

Nilifika saa moja unusu jioni. Mat ilinishusha Waiyaki Way, nikatembea. Kutembea lilikuwa kosa la kwanza, maana mageti ya huku yamejengwa kwa ajili ya magari: kioo cha kumulika chini ya gari, buti inafunguliwa, dereva anapewa kadi. Sicheki ukaguzi. Westgate ilivamiwa tarehe 21 Septemba 2013, na dusitD2, hoteli ya maridadi hapo tu Riverside, tarehe 15 Januari 2019. Mtaa huu una sababu ya kuchungulia begi lako. Lakini kukagua bomu na kukagua mtu ni kazi mbili, hata kama zinafanywa na mkono mmoja. Soja alinipitishia kile kifaa, akaangalia begi, akaona kompyuta na soksi. Begi likafungwa. Nikadhani tumemaliza.

"Madam, unaenda kuona nani?"

"Siendi kuona mtu. Nimekuja kulala."

"Sawa. Kwa chumba cha nani?"

"Changu."

Hakuwa na dharau. Nadhani alikuwa na aibu kunishinda, kwa sababu alitazama viatu vyake halafu akapiga redio ndani kuuliza. Tukangoja. Wakati tunangoja, gari la programu likasimama, wakashuka watalii wawili wenye mabegi ya mgongoni yaliyochakaa kuliko langu. Mabegi yakapitishiwa kifaa, wakaambiwa karibuni sana, wakapita. Redio ikajibu. Nikapita pia. Mapokezi nikaulizwa kitambulisho, ambalo ni jambo la kawaida, kisha nikaulizwa kama nitakuwa na mgeni usiku. Mwanamke yeyote wa Nairobi aliyewahi kuingia hotelini peke yake baada ya giza anajua lile swali lina swali lingine tumboni.

Nimesoma maandishi mengi kuhusu hoteli za namna hii kabla ya kuandika yangu, kwa sababu nilitaka kujua yanaandikwaje. Yote huanzia ndani. Harufu ya mchaichai, kinywaji cha kukaribishwa, tabasamu. Geti halimo kabisa. Si kwamba waandishi wanadanganya; wao geti lilifunguka lenyewe, wakiwa ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege, wanatafuta nenosiri la waifai. Uandishi mzima wa aina hii umejengwa juu ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa anaenda kuona nani. Na mimi, niliyeulizwa, niliandika harufu ya mchaichai.

Sasa nisiwe mnoko. Chumba kilikuwa kizuri, na kusema vinginevyo ni kutafuta tu sifa za ukali. Sakafu ilikuwa ya terazo, ile ile ya shule za msingi na hospitali za wilaya, ila hapa imeng'arishwa hadi ukaiona kama ugunduzi. Nilivua viatu, nikatembea juu yake nikikumbuka foleni ya sindano. Shawa ilikuwa na nguvu. Nilikaa chini ya maji moto mpaka vidole vikakunjamana, nikahesabu Jumanne ngapi zinaisha pale. Kitanda kilikuwa kitanda kweli. Taa zilikuwa tatizo: saba, zote za kuweka mazingira, hata moja ya kusomea. Meza hakuna. Kulikuwa na rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi, kutoka nyeupe hadi kahawia, na nilipovuta kimoja nikakuta ni mwongozo wa uhasibu wa miaka ya tisini. Mtu aliyebuni chumba kile alifikiria sana utakavyopigwa picha ukiwa umeshika kitabu.

Juu ya kitanda, ndani ya fremu nyeusi kubwa, kulikuwa na leso.

Kadi iliyobandikwa pembeni iliita kanga, sanaa ya pwani ya Afrika Mashariki. Haya, kanga. Ilikuwa nyekundu na nyeusi na nyeupe, pindo la pande zote nne, korosho kwenye mji wake. Nilichukua picha tatu. Ilikuwa mpaka nilipokaa kitandani kuzichagua ndipo nikagundua kitu hakipo. Leso ile haikuwa na jina. Pale chini ya mji, mahali ambapo maneno hukaa, fremu ilikuwa imefika. Aliyeipima aliona kitambaa, akakata hesabu pale palipopendeza macho.

Kwa wasiojua, ama wanaojua wakasahau: leso bila jina ni bahasha bila barua. Duka la Mali ya Abdulla pale Biashara Street, Mombasa, limekuwepo tangu 1887, na wao wanatajwa miongoni mwa walioanzisha desturi ya kuchapa maneno kwenye leso, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Toka hapo mwanamke anayenunua leso ananunua sentensi. Anaivaa akipita mbele ya jirani aliyemsema. Anampa mkwe, na mkwe anakaa chini kuisoma mara mbili. Shangazi yangu aliyeolewa Likoni alinifundisha kwamba ukipewa leso usishukuru kabla ya kusoma. Rangi unaweza kuipenda, halafu maneno yakakutusi.

Kwa hivyo nilikuwa chini ya maandishi ambayo yamefanywa kuwa rangi. Nikaanza kuangalia vitu vingine kwa jicho hilo hilo. Kulikuwa na kiondo kimegeuzwa kifuniko cha taa. Mlango wa matatu ulikuwa umetundikwa kwenye ngazi, ile sehemu ambayo kwa kawaida huandikwa msemo au jina la gari au onyo la kondakta, ikiwa imekwanguliwa vizuri, imebaki bluu tu. Mlango mtamu, sibishi. Lakini unaona mtindo. Kila kitu kilichotoka mtaani kiliruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba kinyamaze.

Saa tatu nikapanda juu ya paa, kwenye baa, kwa sababu picha sita hazijipigi. Ukisimama ukingoni unaiona Westlands yote: taa za Expressway inapoishia, maghorofa ambayo kila mwaka yanaongezeka, na chini kabisa, bodaboda zimejipanga kama meno, mama wa mayai boilo na smokie na kachumbari yake, vijana wawili wanagombania nani ataita Uber. Huko juu huwasikii. Unawaona tu midomo ikichezacheza. Chupa ya bia ilikuwa 700. Nilikunywa moja polepole kama dawa.

Nairobi imekuwa ikiuza mahali pa kukaa na kutazama chini tangu ilipokuwa na hoteli. Norfolk ilifunguliwa 1904, na veranda yake ndiyo ilikuwa jukwaa la walowezi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi, kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, na vitabu vya historia vinasimulia kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ile, na vinywaji vyao, nao wakafyatua. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa mbele ya umati, aliuawa siku hiyo. Ni jambo zito kuliweka kando ya bia ya 700, najua. Sisemi aliyenihudumia kinywaji ana bunduki. Nasema kwamba ile starehe ya kuangalia barabara kutoka juu, ukiwa na kitu baridi mkononi, si mtindo mpya ulioletwa na Instagram. Ni samani ya zamani sana ya mji huu, na haikutengenezwa na watu wasio na hatia.

Fasihi yetu ya mjini, nayo, kwa muda mrefu ilisimama kinyume chake. Meja Mwangi katika Going Down River Road, 1976, aliandika Nairobi kutoka mahali wanapofanya kazi wale wanaochanganya zege. Wanajenga jumba refu liitwalo Development House, jioni wanateremka kwenda kunywa. Jumba likipanda, wao wanashuka. Nilimsoma mwaka wa pili chuoni, mwaka wangu wa mwisho kama ilivyotokea, na sikumbuki mhadhiri alisema nini. Nakumbuka tu kwamba riwaya ile haikuwa na paa la kusimama. Sasa kizazi changu cha waandishi kimepewa mapaa, kwa usiku mmoja mmoja, na maneno 800. Nauliza tu tutaandika nini kutoka huko zaidi ya taa.

Saa tano na nusu ndipo besi ikaanza kwa dhati. Siyo muziki, maana wimbo huwezi kuutambua, vioo viwili vya dirisha vinachuja sauti zote za juu. Kinachobaki ni kishindo, kinapanda kwenye mguu wa kitanda, kinaingia kwenye meno. Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zipo, na viwango vya usiku vimeandikwa humo waziwazi. Mwishoni mwa 2022 kaunti ilitangaza kufuta leseni za klabu zilizo kwenye makazi ya watu, na tukawa na mwezi mzima wa kubishana kama Nairobi inageuzwa monasteri. Mabishano niliyoyasikia yalikuwa kati ya wapangaji na wenye klabu. Wanaotaka kulala dhidi ya wanaotaka kuuza. Wanaofanya kazi katikati ya kelele hawakuwa upande wowote.

Nikavaa vile vizibo. Vinafanya kazi, nakiri. Kishindo kinabaki kifuani lakini kichwa kinapata faragha. Ila ukiziba masikio unaanza kujisikia mwenyewe, na mimi mwenyewe saa nane usiku si kampuni nzuri. Nikawasha taa mojawapo ya zile saba, nikaitazama leso.

Nitakiri kitu ambacho hoteli haijui. Niliishusha. Nilisimama kitandani, nikainyanyua fremu kwenye misumari yake, nikailaza kifudifudi juu ya shuka. Kwa nyuma, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kupigwa stepu kwenye ubao, nyingi, karibu karibu, mtu alifanya kazi yake vizuri. Jina lilikuwa ndani ya mkunjo. Nikamulika kwa simu, nikavuta ukingo kwa kucha, nikapata herufi za mwisho tu, kubwa na nyeusi:

NGU HAYAKUHUSU.

Nilicheka mpaka nikatoa kizibo kimoja. Yangu hayakuhusu. Saa nane na dakika ishirini, mwanamke mwenye vizibo vya chungwa anachokoa ukuta wa watu, na ukuta unamjibu. Kama shangazi angekuwa hapo angesema ndiyo maana unasoma kabla ya kushukuru. Nikairudisha, imeinama kidogo upande wa kushoto, na sikulala tena.

Saa kumi na moja alfajiri nikashuka kupata hewa. Klabu ya ng'ambo ilikuwa bado inapiga, mlango wake na geti letu vinatazamana, labda hatua kumi na tano. Soja alikuwa yule yule wa jioni. Alinitambua, akatabasamu kwa ile aibu yake.

"Madam. Umelala poa?"

"Nimejaribu. Wewe umekuwa hapa tangu jana?"

"Tangu saa kumi na mbili jioni. Natoka kumi na mbili asubuhi."

Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu ya spika, na mimi ilibidi nirudie langu kwa sauti, na hapo ndipo nikaona kwamba hanisikii vizuri, si kwa sababu ya spika peke yake. Alikuwa anaangalia mdomo wangu. Nikamuuliza kama hupewa chochote cha kuziba masikio. Akafikiri nafanya mzaha. Akasema anaishi Kangemi, akifika nyumbani analala, na masikio yanaendelea kulia "zzz" mpaka karibu saa sita mchana, halafu yanaacha. Wikendi hayaachi. Akasema hivyo kama mtu anayekueleza ratiba ya mat. Ana miaka miwili kwenye lile geti.

Nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele mahali pa kazi, za mwaka 2005. Kikomo ni desibeli 90 kwa saa nane, na mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi kinga ya masikio pale kelele inapozidi. Sikuwa na kipimo mkononi, kwa hivyo sitakuambia pale getini ni desibeli ngapi. Nitakuambia kwamba mimi, niliyelala ghorofa ya nne nyuma ya vioo viwili, kwa usiku mmoja, niliwekewa vizibo ndani ya kiboksi kilichopigwa msasa, na mtu anayesimama hatua kumi na tano kutoka kwa spika, saa kumi na mbili, usiku sita kwa wiki, amepewa redio.

Vyangu vilikuwa mfukoni. Sikumpa. Vilikuwa vimetumika, na kumkabidhi mtu mzima vizibo vyenye nta ya masikio yako ili ujisikie vizuri ni kituko kingine. Nikamuuliza kama ameshawahi kuingia vyumba vya juu. Akasema hapana, lakini amesikia maji ni ya moto kweli kweli, ni kweli? Nikamwambia ni kweli.

Nikapanda juu, nikafungua kompyuta, na kwa sababu meza hakuna niliiweka mapajani. Nikaandika yale maneno 800. Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba niliandika sentensi ya vizibo kabla ya kushuka, kwamba sikuwa najua. Sivyo. Niliiandika nikiwa nimetoka getini. Nilijua sentensi ya aina gani inaingia kwenye nafasi ya aina gani, vidole vikaiandika vyenyewe: imemfikiria kila mtu. Kisha nikala mayai, na mkate wao wa ndizi, ambao kusema haki ni mzuri kuliko wowote niliowahi kula.

Wakati wa kuondoka kijana wa mapokezi aliniuliza kama kuna lolote wangeweza kufanya vyema zaidi. Nikasema leso ya chumba changu imekatwa jina. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaandika kitu kwenye karatasi, nadhani aliandika "leso", akasema hakuna mgeni amewahi kuuliza hilo, na kwamba kuna maji ya kwenye friji sijalipia, 400. Nikalipa kwa M-Pesa. Kuhusu masikio ya mtu wa getini sikusema kitu. Nilihofia kumponza, na nilihofia pia kwamba sitaitwa tena.

Wiki iliyopita nilimwandikia mhariri. Nikamwomba, kama inawezekana, aitoe ile sentensi moja, mengine yabaki yalivyo. Alisoma papo hapo, alama zikawa bluu. Jibu lilikuja jioni: hiyo haiwezekani dia, hoteli imeipenda, wameichapa kwenye kadi mpya ya kile kiboksi.